Nilisema Nakata Wazee, Wakanikata Mimi

Nina malalamiko. Mke wangu ameshayasikia mara tatu, na jana nilipoanza ya nne aliinuka akaenda kukama ng'ombe saa nane mchana, saa ambayo hata ng'ombe mwenyewe alishangaa. Basi mtayasikiliza ninyi.

Huku kwetu Konoin, mwezi wa saba, baridi ikishashika na majani yakishaanza kupungua, ndio wakati wa kukata chai. Wasomi husema kupogoa. Mchai ukikaa miaka mitatu minne bila kuguswa unapanda juu, unajaza vijiti na kunyima majani, na mchunaji inabidi achune akiwa ameinua mikono kama mtu anayeombewa. Kwa hiyo unachukua panga lililonolewa vizuri, unaushusha hadi usawa wa goti, unayalaza matawi chini yaoze yawe mbolea (nusu yake mama watoto atayahamishia jikoni usiku, na wewe utajifanya hujaona). Kisha unakaa kama miezi mitatu bila kupeleka hata kilo moja, ukiishi kwa imani na maziwa ya mursik.

Kijana wangu amemaliza chuo na sasa anatafuta kazi kwa njia ya kutazama simu. Akaniambia, "Mzee, siku hizi wakulima wanajirekodi. Fundisha watu kukata chai. Ukipata watazamaji, kuna pesa." Niliposikia hilo la mwisho nilikwenda kuvaa koti la kanisani. Nikasimama katikati ya shamba, gambuti mguuni, panga mkononi, ukungu nyuma yangu kama wa sinema, nikasema maneno ambayo nayakumbuka yote kwa sababu yamenigharimu:

"Chamgei! Kesho alfajiri vijana wote waje na panga zilizonolewa. Hawa boisiek wamekaa hapa juu muda mrefu mno, wanakula mbolea na hawatoi kitu. Tunawakata wote usawa wa magoti, hatubakishi hata mmoja. Tukimaliza hapa, tunavuka kwa jirani."

Boisiek, kwa asiyejua Kikipsigis, ni wazee; mmoja ni boiyot. Mimi mchai uliochoka nauita mzee, na sijawahi kumkosea mzee yeyote heshima kwa hilo. Na kwa jirani tungevuka kweli, maana alikuwa ameniomba nimsaidie robo ekari yake.

Video ilikaa hewani dakika kumi na moja. Ilipata watazamaji tisa, wanne wakiwa watu wa nyumba yangu. Kisha ikatoweka, na mahali pake pakaja maandishi kwamba imeondolewa kwa kukiuka miongozo ya jamii.

Jamii gani? Jamii ninayoijua ina chifu msaidizi, ina mwinjilisti, ina shangazi yangu ambaye hajawahi kufurahishwa na jambo lolote tangu uhuru, na wote watatu waliipenda video ile. Nikabonyeza pale palipoandikwa kata rufaa. Jibu likarudi baada ya sekunde arobaini: tumeipitia tena kwa makini, uamuzi wetu haubadiliki, na akaunti yako imefungwa kwa siku saba. Sekunde arobaini! Mimi kuamua ninunue unga wa kilo mbili au wa kilo moja hunichukua muda mrefu kuliko huo, na pale dukani mwenye duka ananisaidia kufikiri.

Mtandao wenyewe siutaji. Nimeshafungiwa mara moja, sitaki ya pili.

Kinachoniuma si kukataliwa. Mkulima wa chai kukataliwa ni sehemu ya juma lake. Pale senta yetu ya kupimia chai kuna karani, kijana mkavu, ambaye kama aliwahi kutabasamu basi ilikuwa likizo. Unafika na gunia lako, umechuna tangu saa kumi na mbili, magoti yameloa, yeye analimwaga juu ya turubai, anaingiza mkono hadi kiwiko, anatoa jani moja analishika juu kama hakimu anayeonyesha kisu kilichotumika. "Mzee, mimi nataka majani mawili na kichipukizi. Hili lina manne. Hili limekomaa, sikia linavyolia." Analikunja, linalia kweli. "Na hili limeungua, ulilikalia?" Unabisha. Foleni nzima inabisha pamoja nawe, au dhidi yako, ikitegemea kama ulihudhuria mazishi ya kwao. Unaketi chini unachambua, na yaliyobaki yanapanda mizani, risiti inatoka na kilo zake na tarehe yake. Nimegombana na kijana yule miaka mingi na sijawahi hata siku moja kurudi nyumbani nikiwa sijui tuligombania nini.

Huku mtandaoni jani langu lilikataliwa gizani, na mtu ambaye sijui kama ni mtu.

Nikaanza kuzungumzia jambo hilo asubuhi, mchana na jioni, mpaka kijana wangu, kwa kunifariji au kwa kuninyamazisha, akaketi akanisomea habari za Ulaya. Kumbe wenzetu wana sheria. Inaitwa Sheria ya Huduma za Kidijitali, ilipitishwa mwaka 2022, na tangu tarehe 17 Februari 2024 inabana mitandao ya aina zote katika nchi za Umoja wa Ulaya.

"Wakikufutia, lazima wakwambie sababu," akasema.

"Hata kama ni mkulima?"

"Hata kama unauza mayai, baba. Wakwambie ni kanuni gani umevunja, ni kitu gani hasa ndani ya ujumbe wako kilichoivunja, kama ni mashine ndiyo iliyokukamata ama ni mtu, na mahali pa kupeleka rufaa. Tena mitandao mikubwa rufaa haiwezi kuiachia mashine peke yake iamue."

Nikamwomba arudie hiyo ya mwisho. Akarudia. Nikamwita mama watoto aje asikie, akasema yuko na kazi.

Si hayo tu. Sababu hizo, majina ya watu yakishaondolewa, zinawekwa kwenye hazina ya wazi iliyofunguliwa Septemba 2023, mtu yeyote afungue asome nani alifuta nini na kwa nini. Nikauliza, na asiyetii? Anaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka ya dunia nzima. Nikadhani ni maneno ya kwenye karatasi, kama yale ya barabara yetu kuwekwa lami, lakini Desemba 2025 mtandao wa X ulitozwa yuro milioni 120, na makosa yenyewe ni ya kuficha ficha: alama ya buluu inayowachanganya watu, rejista ya matangazo isiyosomeka, na watafiti kunyimwa takwimu.

Halafu akanisomea kipande kilichoniharibia chakula cha jioni. Sheria hiyo inaitaka mitandao mikubwa kabisa itangaze ina wasimamizi wa maudhui wangapi kwa kila lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Kila lugha! Kimalta kimo. Malta ni visiwa vyenye watu kama nusu milioni. X ilipotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2023, ilionekana waliokuwa wakisimamia Kiingereza walizidi elfu mbili, na wa Kiholanzi alikuwa mmoja. Mmoja kwa Waholanzi wote. Namhurumia, likizo anaenda lini? Lakini angalau Waholanzi wamejua, wakapata cha kulalamikia kwa hesabu.

Sisi Wakipsigis, kwa sensa ya 2019, tulikuwa zaidi ya milioni moja na laki tisa. Ukitujumlisha na ndugu zetu Wakalenjin wengine tunapita milioni sita. Wanaojua maana ya boisiek katika ofisi zinazofuta video ni wangapi? Labda kumi. Labda hayupo hata mmoja. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu atwambie, kwa hiyo hatuambiwi. Mimi dau langu ni kwamba mashine ilisikia "panga", ikasikia "tunawakata wote", ikasikia "tunavuka kwa jirani", na katika nchi yenye kumbukumbu kama zetu sisemi ilifanya makosa kushtuka. Hata mimi ningeshtuka. Ila mimi ningeuliza, "Hao wazee ni kina nani?" na hapo ningeambiwa ni michai, tukaendelea na maisha.

Mashine hizo nazifahamu tabia. Zina dada zao huku kwetu, zile za kuchuna chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, zinazopita juu ya meza ya michai kama kinyozi wa jeshi: jani changa, jani gumu, kijiti, na panzi aliyekuwa amepumzika, vyote ndani ya mfuko mmoja. Mei 2023 waandamanaji walizichoma kadhaa kwa hasira ya kazi zilizopotea. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Nasema tu kwamba mchunaji mwenye vidole anaona jani, na mashine inaona urefu.

Kinachokera zaidi ni kwamba wenye vidole walikuwepo, na hawakuwa mbali. Kuanzia mwaka 2019 Facebook ilikuwa na wasimamizi wake wa Kiafrika Nairobi, kupitia kampuni ya Sama. Matatu ya alfajiri kutoka Bomet kupitia Narok ingenifikisha kwao kabla ya chakula cha mchana, ningewapelekea na jani lenyewe walione. Nilikuwa nimepanga kuwalaani watu hao pia, safu nzima, mpaka nikasoma habari zao. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyeletwa Nairobi kufanya kazi hiyo, alifungua kesi mwaka 2022. Wenzake zaidi ya 180 wakafuata mwaka 2023 baada ya kupoteza kazi. Walikuwa wakitazama mchana kutwa mauaji na ukatili ambao mimi na wewe tungefumba macho sekunde ya kwanza, kwa malipo ambayo gazeti la Time liliyahesabu kuwa kama dola moja na nusu kwa saa. Meta, yaani wenye Facebook, ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema zinayo. Na hili ndilo lililonikamata: walikuwa wametia saini mikataba ya kunyamaza. Yaani aliyefutiwa hajui sababu, na anayeijua sababu amefungwa mdomo. Karani wangu angekuwa na mkataba kama huo, senta ingechomwa kufikia Jumatano.

Nikaiweka laana yangu kando. Tena nikaona haya kidogo kwa ajili ya video yangu ya wazee.

Haya hudumu kwangu nusu saa, kisha nikamuuliza kijana, na serikali yetu je? Hapo akacheka, na si kicheko cha adabu.

Mwaka 2023 raia mmoja alipeleka ombi Bungeni TikTok ipigwe marufuku. Haikupigwa. Agosti mwaka huo Rais Ruto akazungumza kwa video na mkuu wa TikTok, Shou Zi Chew, wakaafikiana kuhusu kusimamia maudhui na kufungua ofisi hapa. Machi 2024 Profesa Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, akaiambia kamati ya Bunge kwamba kampuni imetakiwa iwe inaleta ripoti kila robo ya mwaka. Ripoti kampuni hutoa, na zina tarakimu nzito: kati ya Januari na Machi 2025 ziliondolewa video zaidi ya 450,000 za Kenya na akaunti zaidi ya 43,000 zikafungwa. Sawa. Sidai kwamba walioondolewa walionewa, wengi wao nimewaona na ningewafuta mimi mwenyewe kwa jembe. Lakini tarakimu hiyo ni kama karani asimame mlangoni atangaze, "Juma hili tumekataa majani mengi sana, asanteni," apande pikipiki aondoke. Ya nani? Yalikuwa na nini? Mwenye gunia afanye nini kesho?

Ajabu ni kwamba mbegu za sheria nzuri tunazo ndani ya nyumba. Ibara ya 47 ya Katiba inasema uamuzi wa kiutawala ukikugusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Niliisoma mara mbili, nikavua kofia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika mambo yanayomwathiri sana. Sasa nani azichukue hizo mbili azioanishe, azae sheria inayosema mtandao ukimfuta mkulima wa Konoin umwambie kwa nini, kwa lugha anayoielewa? Hapo kimya. Lakini likija suala la kufuta, mkono ni mwepesi. Telegram iliminywa wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, mwaka 2023, ikaminywa tena 2024, na tarehe 15 Oktoba 2025 yakatiwa saini marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta yanayoongeza nguvu za kuagiza tovuti zizimwe. Juma moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Waheshimiwa wetu wakipewa simu, kitufe cha kufuta wanakijua kwa kugusa tu gizani. Cha kueleza wanasema betri imeisha.

Nililiona hilo kuwa neno zito, nikaliandika kama lilivyo kwenye grupu letu la WhatsApp la wakulima wa senta, wanachama 187, msimamizi mimi.

Nikangoja pongezi.

Wa kwanza kujibu alikuwa jirani wa robo ekari. "Boiyot, maneno matamu. Ile orodha ya bonasi niliyoituma hapa Oktoba uliifuta. Ulinipa sababu?"

Mnakumbuka Oktoba ile. Bonasi za chai za huku kwetu zilitoka nyembamba, na za wenzetu wa upande wa Mlima Kenya zikatoka nene, na kila aliyekuwa na simu alikuwa na orodha. Watu walikuwa wanatukanana hadi ukoo wa tatu. Nilifuta ili grupu lisiungue. Ndivyo nilivyojiambia. Sikumwandikia mtu.

Kisha shemeji yangu, ambaye nilimwondoa kwenye grupu mwezi wa tatu na nilidhani hajui, akamtumia mtu ujumbe, naye akauweka: yeye aliondolewa kwa kuuliza tu pesa za chakula cha mkutano mkuu zilikwenda wapi. Mwingine akasema dawa yake ya kisukari ya mitishamba ilifutwa mara tisa. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, akasema mimi humfutia hata "Habari za asubuhi, Mungu awabariki" yenye ua jekundu. Hilo ni kweli. Huzituma saa kumi usiku, na simu yangu hulala chini ya mto. Kufikia jioni jumbe zilikuwa zimepita mia, na niliogopa kufuta hata ya kwangu.

Jumamosi ukaitishwa mkutano pale senta baada ya mizani kufungwa. Mwenyekiti akachaguliwa karani. Nikapinga nikasema ana chuki na magunia yangu. Akasema chuki hana, ana macho. Ikapitishwa kwa mikono yote, ule wa mke wangu ukiwa wa kwanza kupanda, kwamba kila ujumbe utakaofutwa utaambatana na sababu, na kanuni iliyovunjwa, na kauli kama aliyefuta ni mimi au ni kijana wangu akiwa ameshika simu yangu. Kwamba rufaa itakwenda kwa karani ndani ya siku saba. Na kwamba kila robo ya mwaka nitatoa ripoti. Shemeji akarudishwa kwenye grupu papo hapo. Neno lake la kwanza lilikuwa juu ya pesa za chakula.

Ripoti ya kwanza nimeikamilisha leo. Lugha za msimamizi: Kikipsigis, Kiswahili, na Kiingereza cha hati ya shamba. Jumbe zilizofutwa ni 41. Maua na heri za asubuhi, 22. Dawa za mitishamba, 9. Siasa, 3. Zilizofutwa kwa bahati mbaya kwa sababu sikuwa na miwani, 7. Rufaa zilizopokelewa ni 12, na walalamikaji wameshinda 11.

Ya kumi na mbili ni ya mama watoto. Aliliambia grupu kwamba mumewe alifungiwa siku saba mtandaoni kwa kutangaza atawakata wazee, na kwamba siku hizo saba ndizo alizopumzika. Niliifuta kabla haijasomwa na watu thelathini. Karani ameniagiza nipeleke sababu kwa maandishi kabla ya mizani ya Jumamosi, na nimekaa na kalamu hapa tangu asubuhi bila kuipata hata moja.